Mkwe, Njoo Uchukue Minyoo Wenu

Kitale,
Jumatatu, baada ya mvua.

Kwa Mkwe wangu ninayemheshimu, Mzee Makokha, chifu mstaafu,
Bumula, Bungoma.

Mkwe,

YAH: MINYOO WENYE MANYOYA WALIOLETWA NYUMBANI KWANGU NA MWANAO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Nekesa na ng'ombe wenu. Sisi huku tungekuwa wazima kama si jambo hili ninaloandikia. Ningepiga simu, lakini nilipopiga mara ya mwisho ulicheka mpaka Mama Nekesa akakunyang'anya simu. Nimeonelea niandike, kwa sababu karatasi haicheki.

Utakumbuka daktari aliniambia presha imepanda na nitafute kitu cha kutuliza moyo. Binti yangu Ciru akamweleza mumewe Wabwile, yaani mwanao. Wakati wa Pasaka, Wabwile akaja kutoka Mombasa anakofanya kazi, akiwa na tangi la kioo refu kama benchi la kanisa, ndoo ya chumvi, pampu, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na jiwe lenye mashimo kama sponji. Alilishusha majini kwa mikono miwili kama mtu anayelaza mtoto. "Baba," akasema, "hili jiwe liko hai." Nilidhani ni lugha ya vijana. Sikuuliza ni akina nani wanaoishi ndani, kwa maana sisi hatuna desturi ya kuuliza jiwe maswali kama hayo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuingia bila kujitambulisha.
Jioni moja stima ilipotea. Nikawasha tochi ya simu nione samaki wanaendeleaje, nikaona kitu kinatoka katika shimo la jiwe. Ni chekundu, kirefu kama penseli, miguu haihesabiki, na ubavuni kina manyoya meupe. Mkwe, mimi ni mkulima wa mahindi. Unajua vile viwavijeshi walinimalizia shamba lote la chini. Nilipoona jamaa yao anatambaa sebuleni kwangu, chini ya picha ya harusi yetu, moyo wangu uliotafutiwa utulivu ulidunda kama mashine ya kusaga. Nikakimbilia stoo kuchukua dawa ya kunyunyizia mahindi. Mke wangu Nyambu akasimama mbele ya tangi na kunyoosha mikono. "Ukinyunyiza hiyo hapa," akasema, "utalala huko huko stoo."

Wageni wa ukweni huja wakajulishwa kwa majina, wakala, wakaimba, wakaenda kwao. Hawa, kwa maana si mmoja tena, wamejificha ndani ya jiwe, wamekula, na dalili ya kwenda kwao sioni.

2. Kumjeruhi mwenye nyumba.
Kwa kuwa dawa ilikataliwa, siku iliyofuata nilitia mkono majini nimng'oe kwa vidole. Manyoya yale, Mkwe, ni kama unga wa kioo. Yalibaki ndani ya ngozi, vidole vikawaka kama nimeshika upupu. Nyambu akawa ananibandika selotepu na kuibandua ili manyoya yatoke nayo, halafu akanimwagia siki, huku akiniuliza kama mnyoo ameumia. Tafadhali isome sentensi hiyo tena.

3. Kuvunja amani ya kanisa.
Hili ndilo zito. Jirani yangu Kiragu na mimi hatukuwa tunasalimiana tangu fahali wake aingie katika mahindi yangu, nami nikasema maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyasema, hasa akiwa ameshika kipaza sauti cha kanisa. Babake na babangu walihamia huku kwa lori moja. Mchungaji ametuombea mpaka akachoka. Basi Jumapili hiyo Kiragu akainuka mwenyewe, mbele ya watu wote, akanijia mkono umenyooshwa.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umevimba kama mkate, nimeuficha ndani ya koti. Nikampa wa kushoto.

Kiragu aliutazama ule mkono kama kwamba nimempa panya. Nikamwambia, "Kiragu, niliumwa na mnyoo wa baharini." Akajibu, "Bahari gani Kitale, Waithaka? Si ungesema tu hutaki?" Akageuka, akatoka. Sasa ameziba kile kijia tunachopitia kwenda kisimani, na mkewe hamletei Nyambu maziwa tena. Mimi nilikuwa nimeungoja mkono ule wa Kiragu kuliko ninavyoweza kuandika hapa, na mnyoo wa familia yenu akanipokonya.

4. Kudharau serikali.
Nilimwita Chelangat, afisa wetu wa kilimo. Akaja na gambuti zake za matope, akainama, akatazama. "Mzee," akasema, "mimi niko upande wa mahindi. Hawa wamekula hindi gani?" Nikamwomba aandike kwamba wako chini ya karantini. Akaomba chai.

5. Siasa.
Ulipomaliza kucheka kwenye simu, uliniambia, "Mkwe, hao hawana neno, wanataka kura tu." Nilikaa nikijiuliza ni nani amewaandikisha, na kama watapigia Kitale au Bungoma. Wengi vile walivyo, wanaweza kutupatia diwani. Ni Nyambu aliyenieleza kwamba ulimaanisha kula. Sikucheki, Mkwe, hata mimi husema "ndawa" na watoto wangu hujificha jikoni wakicheka. Lakini mambo ya kura yasemwe kwa uangalifu.

6. Kulipiza kisasi wakiwa hawapo.
Nilitia kipande cha nyama ndani ya soksi ndefu ya Nyambu ya kwendea kanisani, nikaifunga, nikaishusha karibu na jiwe. Kulipokucha soksi ilikuwa imejaa, inatikisika. Niliwatia katika ndoo ya maji ya chumvi, kwa maana mimi si mtu katili. Ungedhani mambo yameisha. Haikupita wiki, maji ya tangi yakawa kama uji, sebule ikanuka, na samaki mmoja akaanza kulala ubavu. Nikampigia Wabwile. "Baba," akasema, "hao ndio wafagiaji. Wanakula mabaki yote. Na walizaana hivyo kwa sababu mnawapa samaki chakula kingi."

Yaani shida ni ukarimu wangu! Hakuna kiumbe aliyewahi kutoka nyumbani kwangu na njaa, na sitaanza na samaki. Mimi ninavyoona, mnyoo anayeweza kukuharibia maji akiwa ndani ya ndoo nje ya jikoni ni mnyoo hatari kuliko yule aliye tangini.

Kwa hivyo ninaomba, kwa heshima zote za ukwe, yafuatayo. Uje kabla ya Jumapili na uichukue ndoo, kwa kuwa waliletwa na mwanao na kwa hivyo ni wa ukoo wenu. Ukiwa hapa, uwaitishe baraza kama zamani ukiwa chifu, uwaamuru waende kwao. Umwandikie Kiragu uthibitisho kwamba bahari iko, kwamba ina minyoo, na kwamba wanauma, na kama bado una muhuri wako wa uchifu, ugonge. Ukishindwa na hayo, nitawaleta Bumula mwenyewe, niiweke ndoo mezani mbele ya Mama Nekesa, na mtawalea, mtawasomesha, na siku ya kuwaoza mtanialika kama mgeni.

Wasalimu wote hapo, wakubwa kwa wadogo, na shemeji wa Cheptais mkionana, na yule mzee anayelinda ng'ombe wenu, ambaye alinisalimia vizuri sana mara ya mwisho. Ciru na mtoto hawajambo. Nakutakia mvua ya kutosha na mavuno.

Mimi mkwe wako, niliyeonewa lakini bado ninakupenda,
Waithaka

N.B. Mkwe, kabla sijapata bahasha, Kiragu ameingia. Kumbe Nyambu alimwita. Alisimama mbele ya tangi na kofia yake kichwani, akasema, "Haya, nionyesheni huo uongo." Nyambu alikuwa ameshawarudisha minyoo wote tangini nikiwa ninakuandikia, na maji yameanza kuona mwanga. Mmoja akachungulia kwenye jiwe. Kiragu akasema hiyo ni kamba ya plastiki, akatia mkono mpaka kiwiko aivute.

Kelele yake imesikika barabarani. Nimembandika selotepu mimi mwenyewe, kidole kwa kidole, na siki nimemmwagia. Amekaa hapa kwenye kiti changu, mkono wa kulia juu ya mto, anatoa machozi na kucheka, na tumesalimiana kwa mikono ya kushoto.

Usije kuchukua minyoo. Njoo tu kututembelea. Na umwambie Wabwile atafute jiwe lingine. Kiragu anataka lenye wakubwa.