Nta ya Mfaume

Tiit! Tiit! Simu ilikuwa inalia njaa mahali fulani nyuma ya Mfaume, na sauti ya mwanamke ikafuata, ikiitukana pawabenki kwa majina ya mawifi zake.

Mfaume akatabasamu kabla hata hajageuka. Basi la Ipole lilikuwa limeharibika, stendi nzima ya Tabora imekaa juu ya mizigo, na simu zinazima moja baada ya nyingine. Kwake hiyo ilikuwa sikukuu.

Akapanda juu ya kreti la soda, akainua pawabenki nene kama tofali, iliyopakwa nta ya nyuki mpaka inang'aa.

"Wazee wangu, shikamooni! Mnaibiwa! Pawabenki ina matundu, chaji inavuja kama maji kwenye kibuyu kibovu. Ziba kwa nta! Hii yangu niliichaji Idi iliyopita. Tazameni!"

Akabonyeza kitufe, taa zote za pawabenki zikawaka. Watu wakaguna kwa heshima, wakaanza kugombea vidonge vya nta.

Ukweli, ambao Mfaume hakuwa na nafasi ya kuutaja, ni kwamba pawabenki ile ilichajiwa kila asubuhi kwa kinyozi. Tena ilikuwa mali ya mkewe, Najiat, aliyeitumia kuwashia taa ya kibanda chake cha chipsi. "Isiporudi kabla ya magharibi," alikuwa amemwambia, "na wewe usirudi."

"Mwanangu, wewe mtu wa wapi?" aliuliza yule mwenye simu yenye njaa, Mama Eustadia, mkulima wa tumbaku, huku ametega sikio.

Mfaume alizaliwa Nzega, nyuma ya mashine ya kukoboa. Lakini nani atanunua ujanja wa Nzega?

"Mzaramo mimi, mama. Mtoto wa Dar!"

Eustadia akapiga kigelegele. "Mzaramo! Jamani, mtani wangu huyu! Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe mpaka kwao pwani, malipo yao wakaitwa washamba!" Akanyoosha mkono, akainyakua pawabenki, akaitumbukiza kikapuni. "Nimechukua. Cha mtani hakidaiwi!"

Stendi ikaangua kicheko.

"Mama, rudisha bwana!" Mfaume akafoka.

"Ananuna!" Eustadia akawaambia watu. "Mzaramo gani huyo ananunia utani? Au siyo Mzaramo?"

Kicheko kikakatika. Mathias, mpakia mizigo mwenye mikono kama mapipa, akakitazama kidonge chake cha nta. "Eti kaka, kama kabila ni la uongo, hii nta je?"

Mfaume akaitazama mikono ile. Akakitazama kikapu. Akilini akamwona Najiat amesimama gizani kibandani, mwiko mkononi. Kisha akacheka, kama mtu aliyekanyagwa na ng'ombe wa mkwewe.

"Halali yako, mtani."

Fundi akamaliza kazi, abiria wakapanda, basi likanguruma, likaanza kuondoka. Mfaume akakimbia kando yake. "Mtani! Utairudisha lini?"

Eustadia akatoa kichwa dirishani, simu yake imeshachomekwa na inakula.

"Nakuahidi mbele ya watu wote hawa: siku ukifa, nitaileta mwenyewe msibani, nikuwekee kaburini uwe na mwanga. Wala sitapotea njia, mtani. Nzega napajua!"