Kesi ya Geuka ya Pili

Jumatatu, tarehe 1 Juni

Mtoto wangu ni wakili! Kafaulu! Masomo yote! Hata lile la mikataba lililowaliza wanaume wazima.

Haya, sasa salamu. Hujambo, daftari. Ulikuwa daftari la vipimo vya wateja, kuanzia leo utabeba historia. Kurasa za mbele kuna kiuno cha mke wa mwenyekiti wa kwaya. Usimwambie mtu.

Binti karudi mchana na karatasi mkononi. Mimi nipo kwenye cherehani, napinda mikono ya joho la kwaya. Nikapiga vigelegele mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akaja mbio na nyundo, akidhani tumevamiwa. Nikamwambia kuanzia leo aniite Mama Wakili. Akasema sawa, Mama Wakili. Huyo ni mtu mwenye malezi.

Binti naye, kwa tabia yake ya kuzima furaha za watu, akasema bado. Eti kuna kuapishwa, Ijumaa ya tarehe 12. Eti majina ya watakaoapa yamebandikwa ubaoni mahakamani ili mwenye pingamizi alipeleke kwa Msajili. Mpaka aape si wakili, na nisimwite hivyo hata dukani. Nikamwambia mtoto akishazaliwa ni mtoto, hangoji ubatizo. Akili kachukua kwangu. Woga kwa baba yake.

Mama Staa atajinyonga kwa wivu. Miaka mitatu anaingia kanisani mabega juu kwa sababu mwanawe anaimba redioni. Kuimba gani? Maneno matano yanarudiwa hadi betri inakwisha. Na suruali imechanika magoti yote mawili, kwenye televisheni, mchana kweupe! Mimi kama fundi natamani niingize mkono kwenye kioo nimtie viraka.

Jumatano, tarehe 3 Juni

Wizi! Wizi wa mchana!

Nimeusikia kwenye redio ya fundi viatu. Wimbo mpya wa Staa. Kwaya yetu huimba hivi, mwaka wa kumi sasa: "Geuka, geuka, jua limechomoza." Yeye anaimba: "Geuka, geuka, kiuno kimechomoza." Sauti ile ile! Hata pumzi anavuta pale pale!

Niseme ukweli wangu. Wimbo alitunga mwalimu wa kwaya, sikatai. Lakini yeye aliandika "geuka" moja. Ya pili ni yangu. Nilichelewa kuingia siku ya mazoezi, wenzangu wamekwisha kuimba yao, mimi nikaitoa peke yangu. Watu wakaipenda, ikabaki. Kwa hiyo nusu ya geuka zote zinazochezwa redioni ni mali yangu.

Nikamwambia binti afungue kesi. Akasema wimbo ni wa mwalimu, mwenye kulalamika ni mwalimu, tena yeye hawezi kumsimamia mtu kabla ya kiapo. Nikamwambia sheria isiyomsaidia mama mzazi ni sheria gani. Akasema, "Mama, nakuomba. Usifanye kitu mpaka Ijumaa ile ipite." Nikasema nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Jioni mapema, baada ya mazoezi, nikawapeleka akina mama wa kwaya mahakamani kuliona jina ubaoni. Mama Staa naye akaja, hakuna shughuli inayompita. Nikamwomba asome yeye kwa sauti, maana ndiye kiongozi wa soprano. Akasoma jina la mwanangu kama anatafuna limau. Kisha akaendelea mpaka mwisho kabisa wa tangazo, pale kwenye habari za pingamizi. Hapo akapunguza mwendo. Akarudia mara mbili.

Wivu huo. Unamfanya mtu asome hata visivyomhusu.

Ijumaa, tarehe 5 Juni

Nimeandika barua ya sheria. Moto!

Nimekwenda kwa mchapaji wa karibu na posta. Yeye anachapa, mimi nasema. Sheria naijua. Nimeangalia ule mchezo wa televisheni wa jaji mwenye nyundo tangu sehemu ya kwanza, na mara mbili nimemjua muuaji kabla ya polisi.

Juu kabisa jina la binti yangu kwa herufi nene, chini yake: WAKILI WA MAHAKAMA KUU NA NYINGINE ZOTE. Kisha: "Mteja wangu, ambaye pia ni mama yangu mzazi na mwanamke anayeheshimika, ameumizwa na wewe na kijana wako. Nakupa siku saba za kalenda na zisizo za kalenda kuurudisha wimbo ulipotoka na kumwomba radhi mteja wangu redioni, saa ambayo watu wapo nyumbani."

Mchapaji akauliza nani atatia saini. Nikatia. Akauliza kama mimi ndiye wakili. Nikamwambia wakili ametoka tumboni humu. Akanipa bahasha.

Sikumdanganya binti. Hakuniuliza.

Jumapili, tarehe 7 Juni

Mchungaji kahubiri kuhusu ulimi. Dakika arobaini. Nilikuwa namgeukia Mama Staa kila mara nihakikishe anasikia. Kila nikigeuka, nakuta na yeye ananitazama mimi.

Niseme na la kanisa letu. Maikrofoni ya wanawake ni moja, na haijawahi kutoka mikononi mwa soprano. Miaka kumi na moja nipo alto, mstari wa pili, nyuma ya kofia ya Mama Staa. Nimeandika barua kwa kamati mara nne. Wamejibu mara moja, wakasema tuombeane.

Baada ya ibada nikampa bahasha yake mlangoni, mbele ya watu. Akaifungua, akasoma taratibu. Nikangoja anywee. Hakunywea! Akatabasamu, akauliza, "Binti mwenyewe ndiye kaiandika hii?" Nikasema nani mwingine. Akauliza tena, sauti juu kidogo, wamsikie na waliokuwa wanawavalisha watoto viatu: kwa hiyo kaandika yeye, wakili? Nikajibu yeye, wakili, tena bila kukosea hata nukta.

Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya Biblia. "Asante, mama mwenzangu. Nitaitunza vizuri."

Nimerudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Jumanne, tarehe 9 Juni

Mungu wangu.

Mama Staa kaipeleka barua kwa Msajili. Kama pingamizi. Eti huyu msichana anajiita wakili na kutisha watu kabla hajaapa.

Binti kaingia saa nane mchana. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga, kelele ninazijua, ningejibu. Kaweka nakala ya barua juu ya cherehani, juu ya kitambaa nilichokuwa nashona, akauliza, "Mama, ni wewe?"

Nikasema inawezekana ni mchapaji. Nikasema inawezekana ni Mama Staa mwenyewe, mtu wa fitina yule. Nikasema siku hizi kompyuta zinaweza kufanya chochote. Baba yake alikuwa nyuma ya gazeti. Akalishusha. Akasema, "Sema." Neno moja, mwanaume ambaye tangu asubuhi alikuwa hajatoa hata chafya.

Nikasema.

Binti akakaa kwenye kiti cha wateja. Miaka sita ya kusoma, akasema. Msajili akiamini ameiandika yeye, hataapa Ijumaa, na huenda asiape kabisa. Huwezi kuanza kazi ya sheria kwa kuvunja sheria. Mimi na yeye tunatakiwa huko keshokutwa. Niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba ni mimi peke yangu.

Nikamwambia asijali, nitaongea vizuri. Akafunika uso kwa mikono miwili.

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Kwanza kabisa, ofisi ya Msajili haina nyundo. Nilitafuta. Kuna feni, kabati la mafaili, na mwanamama mdogo mwenye miwani iliyofungwa kamba, anakunywa maji ya moto matupu. Nilivunjika moyo.

Mama Staa yupo, na kofia ya ibada. Mwalimu wa kwaya naye kaitwa.

Msajili akauliza nani kaandika barua. Nikasimama, nikasema mimi, peke yangu, binti hakujua. Hapo ningekaa. Binti alinivuta gauni nikae. Lakini nikaona si vibaya nikimuuliza Msajili kama hakuona barua ilivyopangika. Akasema ameona mambo mengi katika kazi hii, lakini siku zisizo za kalenda ni mara yake ya kwanza.

Akauliza dai langu hasa ni nini. Nikasema geuka ya pili. Akavua miwani. Akataka nirudie. Nikaona kueleza hakutoshi, nikaimba. Karani wake akatoka nje, nikasikia kicheko kinapotelea koridoni.

Ndipo mwalimu wa kwaya akasimama. Mtu niliyemshonea joho kwa mikono hii! Akasema Staa alimfuata nyumbani, akaomba ruhusa kwa adabu, na yeye akaitoa kwa furaha. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba ile geuka ya pili ni kosa, na kwa miaka kumi amejaribu kuiondoa ameshindwa, kwa sababu kila akisema tuimbe moja, mimi naimba mbili.

Nilikaa.

Msajili akaniandikia karatasi ya kutia saini, kwamba binti hakuhusika. Akasema anaiamini. Anaiamini sana, akasema, baada ya kuniona. Lakini kesho haiwezekani, orodha imekwisha kupelekwa kwa Jaji bila jina lake. Ataingia na kundi linalofuata, ikiwa Mama Staa ataondoa pingamizi. Asipoondoa, ni kikao, mashahidi, na mwaka mzima.

Wote tukamgeukia Mama Staa. Akarekebisha kofia. Akasema ataondoa. Ila yeye alitukanwa mbele ya kanisa, basi na aombwe radhi mbele ya kanisa. Kwenye maikrofoni.

Nikasema thubutu. Binti alikuwa anatazama feni.

Nikasema sawa.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Miaka kumi na moja nimeiomba ile maikrofoni. Nimepewa leo, kwa kazi hii.

Kanisa limejaa. Watu ambao hawajaonekana tangu Pasaka wamekuja, sijui nani kawaambia. Binti alikuwa nyuma kabisa, kasimama kando ya mlango, ingawa viti vilikuwepo.

Nilipanga sentensi tatu. Barua niliandika mimi. Binti yangu hakujua. Mama mwenzangu, nisamehe. Nikazisema zote. Ya tatu niliisema nikimtazama Mama Staa, na si kwa kuigiza. Mchungaji akanyoosha mkono achukue maikrofoni.

Nikamwona binti anapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Nami ningeirudisha, haki ya Mungu. Lakini mkono ulikuwa bado umeishika, na spika zile zinafika mpaka nyumba za nyuma. Nikaongeza alama zake. Somo kwa somo. Nikamalizia na mikataba, kwamba alikuwa wa pili darasa zima, na aliyekuwa wa kwanza baba yake ni jaji.

Watu wakacheka. Mama Staa alicheka mpaka kofia ikamlalia sikioni. Nilipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu.

Nje Mama Staa kanionyesha karatasi aliyokwisha kutia saini, ya kuondoa pingamizi. Akasema, "Hii namfanyia mtoto. Wewe bado." Nikatafuta jibu la kumchoma. Bado nalitafuta.

Nyumbani nikakuta sanduku mlangoni. Binti anakwenda kukaa kwa shangazi yake mpaka mambo yatulie. Akanishika mkono, akasema asante Mama kwa kusema. Nikamwambia chakula kiko tayari. Akasema ameshiba. Tangu asubuhi hakuwa amekula.

Shangazi yake hata kupiga pasi hajui.

Jumamosi, tarehe 20 Juni

Nimepiga simu kila siku. Hajambo. Anasoma. Jana nikamuuliza kama kuna habari yoyote. Akasema hakuna, Mama.

Leo asubuhi fundi viatu kaja na viatu vyeusi vya mume wangu, vinang'aa kama kioo. Akasema hongera, Mama Wakili, Alhamisi si mbali. Nikamuuliza Alhamisi ipi. Akameza mate. Akasema mzee mwenyewe kamwambia vinatakiwa vya mahakamani, tarehe 25, binti anaapa, kila mmoja karuhusiwa watu wawili, na wa kwao ni mzee na shangazi.

Nikaingia ndani. Mume wangu anapiga pasi suti. Suti ambayo mimi ndiye niliyeishona! Nikamuuliza anakwenda wapi nayo. Akasema mahali. Nikamuuliza mahali gani. Akapiga pasi ule mkono mmoja mpaka nikanusa moto.

Nimekaa kwenye cherehani saa nzima bila kukanyaga. Nilitaka kulia. Nililia kidogo, kitambaa cha wateja kikanisaidia.

Halafu nikaelewa. Wananiandalia kitu! Bila shaka! Mtoto anataka kunishtukiza, atoke pale na joho, aje mpaka hapa mlangoni. Ndiyo maana wote wananificha. Moyo wake ni kama wangu, kwa mambo makubwa hana mfano.

Sasa nitawashtukiza wao. Nimepita nyumba kwa nyumba tangu saa sita. Alto wote wamekubali. Soprano nao. Mchungaji kasema atajaribu. Nimemwambia hata Mama Staa, mimi sina kinyongo, amlete na mwanawe aje na spika zake. Kaniuliza mara mbili kama binti anajua. Nikamwambia ni yeye aliyenituma.

Hao watu wawili ni wa kuingia ndani. Ngazi ni za kila mtu. Alhamisi, tarehe 25, saa tatu kamili asubuhi, nje ya mahakama, na majoho ya kwaya. Wote wanakuja.