Ombi la Kurudishiwa Vumbi kwa Ajili ya Mbwa Wangu

Kijijini, njia ya Kasulu–Kibondo,
Julai, mwaka wa lami.

Kwa Ndugu Mhandisi wa Barabara,

YAH: KUPOTEA KWA VUMBI NA HATARI INAYOMKABILI SHUKURU

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, na Shukuru, ambaye ni mbwa wangu, anahusika zaidi, maana Jumapili ikimkuta hana vumbi atauawa.

Kwanza pokea pongezi. Lami uliyotuletea imenyooka, inang'aa, na basi la kutoka Kasulu siku hizi linatupita kabla mtu hajamaliza kufunga gunia lake la maharage, nasi tunabaki tunalipungia mkono kwa heshima. Sina ugomvi na lami. Nina malalamiko machache tu, na nimeyapa namba ili usichoke.

1. Shukuru ni mweusi. Mweusi hasa, hana hata doa jeupe kifuani la kumtetea. Nilipewa na shemeji yangu wa Gwarama, mbwa akiwa bado mtoto, ndani ya gunia. Wenzake wa kahawia walikuwa wamegombaniwa siku ile ile walipofumbua macho, na yule wa madoadoa alichukuliwa na katekista. Huyu akabaki. Nikamchukua, kwa kuwa nimezoea vilivyobaki. Mke wangu Theodosia husema hata yeye aliolewa kwa utaratibu huo huo.

2. Kabla ya lami, barabara yetu ilikuwa na vumbi jekundu, nawe unalijua, maana kofia yako ilikuja nyeupe ikaondoka na rangi yetu. Kuanzia Juni mpaka mvua za Oktoba Shukuru alikuwa akilala kando ya barabara, malori yakipita, naye akibadilika taratibu. Kufika Julai alikuwa rangi ya asali ya miombo, kuanzia pua hadi mkia. Watu wakaamini kwamba nina mbwa wawili.

Sikumdanganya mtu, walijiridhisha wenyewe. Waliniuliza, "Baba Winnie, yule mweusi umempeleka wapi?" Kabla sijajibu wakanipongeza kwa kumwondoa, wakasema huyu mpya ana sura ya utu. Wakampa na jina: Asali. Asubuhi akipita alikuwa akiamkiwa kwa Kiha, "mwakeye", kama mzee wa kanisa. Mvua ya kwanza ikinyesha, Asali hutoweka, yule mweusi hurudi, na mawe nayo hurudi.

3. Nikupe mfano wa Mwanaamina, mwenye kibanda cha maandazi pale kituoni. Ni mama mwema, ila dini yake haimruhusu kuguswa na pua ya mbwa, na hilo naliheshimu. Yule Asali, mama huyu alimpenda sana. Alikuwa akimrushia andazi lililoungua na kuwaambia wateja, "Mwangalieni huyu alivyo na adabu, anasimama mbali bila kufundishwa." Ndugu Mhandisi, alifundishwa. Alifundishwa mwezi wa pili, kwa maji ya moto, na Mwanaamina mwenyewe, siku ambayo alikuwa mweusi. Adabu ile aliipata kwa rangi moja akasifiwa nayo kwa rangi nyingine.

4. Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Tangu Pasaka kuku wa jirani yangu Evaristi wanapungua. Naapa kwamba Shukuru hali kuku. Namjua tangu yuko guniani. Anakula ugali na mawazo. Kwanza kuku hao walipungua hata Julai ya mwaka juzi, na kikao cha wakati ule kiliamua kuwa mwizi ni kicheche, au mwewe, au, kwa kura chache, mke wa Evaristi. Asali alihudhuria kikao kile akiwa amelala katikati ya wajumbe, na hakuna aliyemtazama vibaya.

Safari hii kikao hakikuchelewa. Evaristi alisema yeye hahitaji ushahidi, inatosha kumtazama. Wakamtazama. Wakaona kweli. Azimio likapita kwamba mbwa mweusi aondolewe hapa duniani kabla ya Jumapili, mgambo waje na kamba, na mimi nibaki na yule wa asali, kwa kuwa serikali ya kijiji haina nia ya kumwacha mwananchi bila ulinzi.

Nilisimama nikasema hao mbwa wawili ni mmoja. Walicheka, Ndugu Mhandisi, mpaka mmoja akashikwa na kikohozi. Mwenyekiti alisubiri watulie, akaniambia kwa upole kabisa:

"Mzee Tharsisi, usimchafulie jina yule mwingine ili umwokoe huyu."

Wakaniuliza yule mwingine yuko wapi, mbona mwaka huu haonekani. Nikajibu kwamba hayuko mbali. Alikuwa amelala juu ya viatu vyangu.

5. Utaona sasa lami yako ilipoingilia. Hii ni Julai. Kwa haki zote Shukuru alitakiwa awe Asali tangu wiki tatu zilizopita. Lakini malori yanapita hayaachi kitu, hata chembe. Anatoka asubuhi mweusi, analala barabarani kwa imani ile ile ya zamani, anarudi jioni mweusi na mgongo una joto. Theodosia alijaribu kumpaka udongo wa ukutani kwa ufagio. Ulikauka ukambanduka mbele ya mjumbe, vipande vipande, kama nyumba inayodaiwa matengenezo.

6. Si yeye peke yake aliyepata hasara. Baba yangu alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na godoro kichwani, na mimi karatasi za uraia ninazo, zimetunzwa vizuri kuliko mwili wangu. Miaka ya vumbi, ikifika Julai, hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Mimi, Evaristi, Mwenyekiti, mheshimiwa aliyekuja na gari jeupe, wote tulifanana, ukoo mmoja wa rangi ya tofali. Mvua ikituosha ndipo mtu mmoja mmoja alipokumbuka kuniuliza jina la babu yangu. Sasa tunaoshwa mwaka mzima. Sisemi ni kosa lako. Nasema tu uliondoa kitu ambacho hakikuwa kwenye ramani.

7. Jambo la mwisho linanishinda kulielewa. Lami yenyewe ni nyeusi. Nyeusi kuliko Shukuru. Siku ya kuzinduliwa watu waliisifu kwa ngoma, akina mama wakaitandikia khanga, na Evaristi yule yule akaipapasa kwa kiganja akisema ina rangi nzuri. Hakuna aliyeirushia jiwe. Hakuna aliyeiuliza habari za kuku.

Kwa hayo, naleta maombi yafuatayo, nawe uchague moja lililo rahisi kwa bajeti:

(a) Lami ikwanguliwe mbele ya nyumba yangu, kipande kidogo tu, upana wa mbwa mmoja aliyejinyoosha.

(b) Hilo likishindikana, lori la udongo mwekundu liwe linapita kwangu kila asubuhi, polepole, turubai likiwa wazi. Mimi nitampigia dereva makofi.

(c) Hayo yote yakishindikana, niandikie barua yenye muhuri inayosema kwamba weusi ndiyo rangi ya maendeleo. Nitamfunga nayo Shukuru shingoni, tuone ni nani atakayerusha jiwe kwenye muhuri wa serikali.

Nakuomba usilichukulie jambo hili kuwa dogo. Najua una madaraja ya kutazama. Lakini daraja likibomoka linajengwa tena, na huyu ninaye mmoja tu, hata kama kijiji kizima kimeniandikia wawili.

Wasalimie wote nyumbani, mama na watoto. Wasalimie madereva wa katapila, na yule mpishi wa kambi yenu, ambaye mifupa yake bado inakumbukwa hapa kwangu. Theodosia anakusalimu, ila anasema barua ni ndefu. Shukuru naye anakusalimu, akiwa kwenye rangi yake.

Ndimi mwananchi wako, mpenda maendeleo kwa kiasi,

Tharsisi Niyonzima

Nyongeza: Ndugu Mhandisi, nilikuwa bado natafuta bahasha mafundi wako walipokuja kuchimba mtaro, wakamwaga udongo mwekundu mlangoni kwangu, kilima kizima. Shukuru alijigaragaza humo asubuhi nzima bila kuagizwa na mtu. Saa sita Mwenyekiti alifika na mgambo wawili na kamba yao, na Evaristi nyuma yao, wakamkuta Asali. Walifurahi. Mwenyekiti alimpapasa kichwani, akanishukuru kwa kutekeleza azimio mwenyewe bila kusumbua vyombo vya ulinzi, akaniuliza kama nimeumia. Nikasema kidogo.

Tukiwa tumesimama hivyo, Asali aliinuka, akajinyoosha, akaingia uani kwa Evaristi, akatoka na kuku mweupe mdomoni. Alipita katikati yetu bila haraka, akaelekea kwenye mihogo. Mimi niliziba uso. Nilimsikia Evaristi akiwaambia mgambo:

"Mnaona tofauti? Yule mweusi alikuwa anawala. Huyu anawatoa njiani wasigongwe na magari."

Kwa hiyo maombi yangu yote, (a) mpaka (c), nimeyafuta. Lami ibaki. Pale nilipoandika habari za ugali na mawazo, paruke. Mtaro tu ndio naomba msiwe na haraka ya kuumaliza. Kuku hajarudi, na Evaristi amesema Asali akimaliza kumlinda atamleta. Manyoya nimeyafagia mwenyewe.