Baba wa Kwenye Katuni

Jumamosi, 14 Juni

Nimeanguka. Si kuanguka kwa kificho, la! Mbele ya watu. Nilikuwa juu ya ngazi nagongomea bati la banda langu la video, hapa Itigi, jirani na reli. Upepo ukavuta bati, bati likanivuta mimi. Nikatua kwenye karai la maji ya vyombo. Watoto waliokuwa wanasubiri katuni ya saa nane wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Binti yangu Eliana, miaka kumi, mtoto niliyemzaa mwenyewe, akawatangazia wenzake kwamba nimeanguka kama baba wa kwenye katuni. Hata tumbo, akasema, ni lile lile.

Hilo ningelimeza. Lakini jioni aliingia ndani, akanikuta nimetumbukiza mguu kwenye maji ya chumvi, akaniambia, "Mambo, baba."

Mambo! Si shikamoo. Mambo! Mimi, Clement, mtu wa miaka arobaini na sita! Mke wangu Kristina akasema mtoto anatania tu, tena mtu anayepanda ngazi na kandambili asitegemee saluti.

Nimefikiri hadi nimepata chanzo. Ni katuni. Ya leo peke yake: baba ameanguka mara saba. Mwalimu amelala darasani. Polisi amegonga nguzo. Mama haonekani kichwa, ni miguu tu na sauti ya kufoka kutoka jikoni. Mtu mzima mwenye akili hakuna hata mmoja! Na nani amewatafsiria watoto upuuzi huu kwenye maiki, kwa Kiswahili safi, miaka mitatu? Mimi. Nimejichimbia kaburi kwa mdomo wangu.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka kanisani na mpango. Picha ni za wenyewe, lakini mdomo ni wangu! Kuanzia Jumanne, watu wazima wote wa kwenye katuni watakuwa na akili. Baba akianguka, nitasema anakagua sakafu. Mwalimu akilala, anatunga mtihani. Na hakuna mtoto atakayeingia kwenye picha bila kuamkia wakubwa.

Kristina aliuliza kama si rahisi zaidi kumwambia Eliana aniamkie. Kristina haelewi mipango mikubwa.

Simeoni, mwenye banda ng'ambo ya reli, ana televisheni kubwa kuliko yangu ila hana mtafsiri. Anaonyesha katuni vilevile ilivyokuja, watoto wanaangalia midomo tu. Safari hii atakoma.

Jumanne, 17 Juni

Shikamoo ni ndefu! Sikujua. Msichana wa kwenye katuni aliingia mbio, zimwi linamfukuza, na mle ndani wamo wakubwa watano. Nikaanza: shikamoo baba, shikamoo mama, shikamoo babu, shikamoo mwalimu, shikamoo afande. Na marahaba zao tano, kila moja na sauti yake. Nilipomaliza, zimwi lilikuwa limeshakula nusu ya mji na mimi sijatafsiri neno. Mtoto mmoja akauliza kwa nini zimwi halikuamkiwa, na lenyewe ndilo kubwa kuliko wote. Swali la haki. Kesho litaamkiwa.

Baba alitumbukia kisimani. Nikasema anapima kina cha maji kabla ukame haujakolea. Walicheka kuliko siku zote, Eliana hadi machozi. Nahesabu hiyo ni nusu ya ushindi.

Jumatano, 18 Juni

Nimebadili mzigo. Nimeweka flashi ya katuni za Kijapani. Eliana anasema hizo si katuni, ni anime. Sawa. Kijapani sijui. Chini kuna maandishi ya Kiingereza, lakini yanakimbia, na mimi sifukuzani na maandishi. Natafsiri hisia.

Wakubwa wa huko hawaanguki. Tatizo ni kwamba hawapo! Watoto wanaishi peke yao, wanapika peke yao, wanaokoa dunia peke yao. Baba kasafiri. Mama ni picha ukutani. Mama mmoja aliyebaki hai ana sura ya bintiye: nikachanganya sauti zao, na binti akajikemea mwenyewe dakika nzima, akajinyima na chakula.

Nilikaribia kukata tamaa. Halafu akatokea yeye. Mvi kichwa kizima! Upanga mkononi! Anaongea kidogo, wote wanamsikiliza, haanguki. Mzee mwenye heshima zake, hatimaye! Nikampa jina papo hapo: Babu Lazaro. Ni jina la marehemu baba yangu, mrina asali aliyeheshimika kuanzia hapa hadi Mitundu.

Alhamisi, 19 Juni

Leo Eliana amesema shikamoo.

Amesimama mlangoni, mikono nyuma, akasema shikamoo baba, akauliza Babu Lazaro anarudi lini. Nikaitikia marahaba, nikajifanya nakohoa. Nimefurahi jamani. Nimefurahi mno. Hakuna ninachokitaka duniani zaidi ya mtoto huyu kuniona mtu.

Simeoni alikuja kupeleleza. Akasema mbona huyo babu hana hata kunyanzi moja, yeye anamwona kama mwanafunzi. Nikamwambia mzee anakula asali. Wivu tu! Akauliza kama nimeshaangalia huko mbele hadithi inakwenda wapi. Siangalii mbele mimi. Mtafsiri anayeangalia mbele anawaibia watazamaji.

Jumamosi ndiyo siku. Nimewaalika wazazi. Nimemwalika Mwalimu Joyce wa nidhamu. Nimempigia simu mama yangu, Bibi Redempta, atoke Mitundu aje aone jina la mumewe linavyotukuzwa.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nitaeleza.

Banda lilijaa. Mama yangu kiti cha mbele, kitenge chake cha kanisani. Nyuma yake Mwalimu Joyce na daftari. Mstari wa tatu Bi Agnes, muuza asali wa stesheni, mjane wa miaka sabini, aliyeingia kupumzisha miguu tu. Nikashika maiki nikatangaza: wazazi, leo mtaona mzee wa mfano.

Babu Lazaro akatokea anakimbia. Sare ya shule, begi mgongoni, kipande cha mkate mdomoni.

Nikajikaza. Nikasema babu ameamua kujiendeleza, elimu ya watu wazima. Makofi! Mwalimu Joyce akaandika kitu. Babu akaingia darasani, akakaa na watoto. Mwalimu wake, kijana kabisa, akamrushia chaki, akamtoa nje asimame na ndoo mbili. Nikasema amejitolea kuchota maji. Makofi tena, machache.

Kisha binti. Sare ya shule, mashavu mekundu, chini ya mti wenye maua. Akampa Babu barua kwa mikono miwili. Nikasema ni mjukuu, ameleta matokeo ya mtihani. Babu akamshika mkono. Nikasema anampima homa. Hakuuachia. Nikasema homa ni kali. Basi mioyo myekundu ikaanza kuelea hewani, kioo kizima.

Mioyo siwezi kuitafsiri. Maiki ikanyamaza. Miaka mitatu haijawahi kunyamaza.

Mama akasimama, akaniuliza, watu wote wakisikia, huyo binti ni nani. Nilipaswa kusema sijui. Nilipaswa kuzima televisheni. Lakini maiki ilikuwa mkononi, na mimi maiki ikiwa mkononi sikai kimya. Nikataja jina la kwanza lililonijia. Nikasema Agnes.

Mama aligeuka taratibu hadi mstari wa tatu. Akasema kumbe ndiyo maana Lazaro alikuwa anakwenda kukagua mizinga siku tatu mfululizo, anarudi na kopo moja la asali! Bi Agnes naye akasimama, akajibu kwamba Lazaro alikuwa anamletea asali ya kuuza, makopo manne manne, wala hakuna kingine alichowahi kumletea. Mama akasema haya, sasa yamejulikana yalikokuwa yanakwenda makopo. Nikakimbilia kutuliza. Mguu ukanasa kwenye waya wa spika. Nikaenda chini, nikaulalia mkono wa kulia, televisheni ikanifuata.

Wakubwa wote walicheka, Mwalimu Joyce akiwemo. Eliana hakucheka. Alikuja kuniondolea televisheni kifuani.

Jumapili, 22 Juni

Mama hataki chakula cha nyumbani kwangu. Bi Agnes anataka nimsafishe jina mbele ya watu. Mwalimu Joyce amewakataza wanafunzi kukanyaga bandani kwangu mpaka, kwa maneno yake, wazee wajirekebishe.

Ilibidi niseme kweli. Nikamkalisha mama, nikamwambia yule hakuwa baba, wala Agnes hakuwa Agnes, na kwamba Kijapani sijui, nabuni. Mama akauliza, kama si mzee, mbona ana mvi?

Eliana ndiye aliyejibu. Akamwamkia bibi yake, akamweleza polepole kwamba kwenye anime nywele ni rangi tu, wengine wana za kijani, na wenye nyeupe mara nyingi ni vijana wenye nguvu kuliko wenzao. Yule ana miaka kumi na saba. Mtoto alijua tangu siku ya kwanza! Nikamuuliza kwa nini aliniacha niendelee. Akasema nilikuwa na furaha, na ile sauti ya babu nilikuwa naitoa vizuri.

Nikatoka nje, nikawaangalia kuku kwa muda mrefu. Niliporudi mama alikuwa anakula ugali.

Jumatatu, 23 Juni

Nimekaa nikachambua kosa langu. Ni moja tu: sikujua habari ya nywele.

Asubuhi Eliana alikuja na wazo. Kiingereza anakijua vizuri. Akae karibu nami, asome maandishi ya chini, aninong'oneze, mimi nitoe sauti. Baba na binti, maiki moja. Nilimshukuru, nikamkatalia. Baba anong'onezwe na mtoto cha kusema? Si ndiyo katuni yenyewe hiyo! Akainamisha kichwa. Akaomba ruhusa aende ng'ambo ya reli, kuna mahali pa kusoma. Nikamruhusu. Kusoma ni jambo jema.

Mimi nimekuja saluni kwa Yasinta, hapa kando ya reli. Kama wenye nywele nyeupe ndio wanaosikilizwa, dawa ipo. Yasinta anasema itawasha, rangi huenda ikatoka ya manjano, na hajawahi kumpaka mwanaume mwenye kipara cha katikati. Nimemwambia apake. Amenifunga mfuko wa nailoni hadi masikioni. Inawasha kweli. Nakufa kiume.

Huko ng'ambo Simeoni kapata mtafsiri. Kwa mfuko huu sisikii vizuri, lakini ni sauti ya mtoto wa kike, anasoma bila kukwama, na watu wanapiga makofi. Yasinta ananitazama kwenye kioo, anasubiri niseme kitu. Nimesema. Mtoto mdogo vile, kwenye maiki, katika banda la mtu mwingine! Nimemwambia Yasinta wazi kwamba baba wa mtoto huyo, popote alipo saa hizi, ni mtu wa hovyo kabisa.