Alhambra Baada ya Alasiri

Jumapili, 14 Julai 2024. Uwanja wa ndege, Maskati.

Assalamu alaykum, ndugu yangu Hud. U hali gani, na goti lako je? Na watu wa Sinaw wote, na mbuzi? Sisi wazima, alhamdulillahi. Daftari ulilonipa nimelifungua leo. Ulisema niandike kila siku, nikirudi nikuletee usome. Basi naandika kama nazungumza nawe. Mengine usimwambie mtu.

Habari kubwa: mimi ndiye amiri! Unaijua sunna, watu wakisafiri wamchague mmoja awaongoze. Tuko watano. Mimi, mke wangu Shukriya, mama yake Bibi Yaqeen, kaka yake Humaid wa Nizwa, na Abeer, bintiye Humaid, anayesoma chuo. Humaid alikwisha kaa mbele kama aliyechaguliwa tangu kuzaliwa. Kafika London mara mbili, na haipiti siku London haijatajwa. Lakini Bibi Yaqeen akanitazama, akasema apewe Musallam, miaka ishirini na sita ni mkwe wetu na hajapata kupewa kitu. Si maneno matamu sana. Nimeyapokea.

Sharti lake moja. Baba yake, dukani kwake Unguja, alikuwa na picha ukutani: kasri la Alhambra, kule Hispania, ua wenye simba wa mawe. Yeye mtoto, baba anapima mchele, yeye anahesabu simba. Sasa ana miaka sabini na tisa, anataka kuwaona kwa macho yake. Nisipomfikisha, uamiri unakwenda kwa Humaid. Nimemwambia atulize moyo. Tiketi ninazo. Ratiba nimeiandika kwa mkono wangu.

Jumatatu, 15 Julai. Granada.

Hoteli nzuri. Humaid kaanza mapema: London lifti hivi, London mito vile. Nikaona lazima nimzime. Hila yenyewe: chumba changu kiwe majlisi. Nimekuja na dalla ya kahawa, halwa kilo tatu, na ubani wa Dhofar. Waje wote, wanywe kahawa, wakumbuke nani amiri.

Nikawasha chetezo. Kidogo tu! Moshi ukapanda vizuri, ukafika darini, penye kile kidude cheupe. King'ora hoteli nzima. Watu wote barabarani, Mjerumani mmoja na taulo. Zimamoto wakaja. Bibi Yaqeen akaletewa kiti, akakaa katikati ya njia na buibui lake kama anayengoja harusi ianze. Nikafanya nililoweza: nikagawa halwa palepale. Mzimamoto mmoja akaomba tena.

Humaid akasema London mtu alifukuzwa hoteli kwa sigara moja. Chetezo kimezuiliwa mapokezi mpaka siku ya kuondoka.

Jumanne, 16 Julai.

Leo sitaki kuandika. Naandika.

Tiketi zilisema saa kumi. Kwenye ratiba niliandika: Alhambra, baada ya Alasiri. Kwetu Ibra Alasiri ni saa tisa u nusu. Unasali, unakunywa kikombe, saa kumi umefika. Nani angedhani? Alasiri yenyewe tulikwisha isali pamoja na Adhuhuri, kama wasafiri, lakini ratiba ni ratiba. Nikakaa na simu mkononi, naingoja iadhini. Shukriya akauliza kama hatuchelewi. Akauliza tena. Nikamwambia amiri haharakishwi. Mara ya tatu hakuuliza, akavua viatu, akajinyoosha.

Kumbe jua la huku, kiangazi, halina haraka ya kwenda popote. Simu ikaadhini saa kumi na mbili na dakika kumi!

Mlangoni bwana mmoja akaitazama tiketi, akaitazama saa, akatutazama tulivyopendeza. Akatupa pole kwa Kihispania, na nikamfahamu. Tiketi nyingine? Zimekwisha, za wiki nzima. Bibi Yaqeen akauweka mkono kwenye ukuta wa nje, kidogo, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akauliza gari liko wapi. Hud, bora angenitukana.

Humaid njia nzima hakuitaja London. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatano, 17 Julai.

Nimepata hila. Usinihukumu mpaka ufike mwisho.

Asubuhi nilitembea peke yangu nikaona jumba. Matao, nakshi za plasta, vigae vya buluu, chemchemi katikati. Uzuri wake, subhanallah. Nikarudi mbio, nikamchukua Bibi Yaqeen kwa teksi, yeye na mimi tu. Uongo sikusema. Nilisema, haya Mama, tumefika. Na kweli tulikuwa tumefika mahali.

Akakalishwa. Akayatazama matao polepole, moja moja. Akaitazama chemchemi. Nikaanza kupumua. Akaja mwanamke na kitabu cha vyakula.

"Musallam mwanangu," akasema Bibi Yaqeen, "picha ya baba ilikuwa na simba kumi na wawili. Hapa mimi naona friji la soda."

Nikamwomba radhi. Akaagiza chai, akasisitiza ichemke. Akaniahidi kwamba jambo hili Humaid hatalisikia kwake. Tukainuka, na kwenye meza ya nyuma wapo Humaid na Abeer, wanakula aiskrimu. Abeer alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Humaid akasema, "Karibu kasrini, shemeji."

Alhamisi, 18 Julai.

Abeer kagonga mlango baada ya Alfajiri. Tangu Jumanne yuko kwenye simu yake, anavizia. Watu wamerudisha tiketi nne za leo, saa tatu asubuhi, naye kazidaka. Nne, na sisi watano.

Tulipofika mlangoni nikasema, kama amiri, Humaid ndiye atakayebaki. Kabla sijamaliza, mwenyewe akasema abaki yeye, mimi niingie na Mama. Nikauona mtego! Akibaki kwa hiari, sifa zote zake. Nikasema la wallahi, nabaki mimi. Akaapa. Nikaapa. Akanisukuma mlangoni, nikamsukuma yeye, kama watu wanaogombania kulipia chakula cha wageni. Foleni ya watalii ikasimama kututazama.

Bibi Yaqeen akagonga mkongojo chini.

"Nimengoja tangu duka la baba," akasema. "Bakini nyote wawili."

Akaingia na Shukriya na Abeer. Tiketi ya nne ikabaki ndani ya simu, haina mwenyewe.

Tukakaa kivulini, mimi na Humaid na chupa yangu ya kahawa. Kwenye kikombe cha tatu akaniambia kwamba London mara zote mbili alikwenda kutibiwa mgongo. Mji hakuuona ila dirishani. Nikamkatia halwa kipande kikubwa. Nilimpenda, Hud, kama nusu saa.

Bibi Yaqeen akatoka amemshika Abeer mkono, macho mekundu. Akasema ni kumi na wawili kweli, na kila mmoja kamfikishia salamu za baba. Nikamkaribisha kahawa. Akanywa, akanirudishia kikombe, akanipapasa bega. Kisha akasema kuanzia sasa amiri ni Abeer.

Hakuna aliyepinga. Humaid alikubali kabla Mama hajamaliza.

Jumapili, 21 Julai. Ibra.

Tumerudi salama. Abeer katuongoza siku mbili. Hatukuchelewa popote, hatukukosa kitu. Bahati tu. Mtoto hana uzoefu, mambo yakamnyookea. Chetezo nimerudishiwa.

Sasa nisikilize. Mwakani ni Uturuki, inshallah. Amiri atachaguliwa upya, na safari hii kila mtu kwa kura yake. Nimeshapita kuulizia. Bibi Yaqeen kacheka mpaka kaomba maji. Shukriya kasema ana nguo za kuanika. Humaid na Abeer ndio wapinzani wenyewe. Nimebaki na kura yangu. Nikakaa nikawaza: nani mwingine angeweza kusafiri nasi? Na hilo goti lako, ndugu yangu, wallahi linataka mabadiliko ya hewa.

Ratiba nimeshaiandika, safari hii kwa wino. Istanbul, siku ya kwanza: kasri la masultani, baada ya Alasiri.

Tafadhali nijibu upesi.

Nduguyo, Musallam