Rufaa ya Goti la Kulia

Jumatatu, 3 Juni 2024
Majibu ya jeshi kuhusu fidia yangu yamefika. Goti langu la kulia: ulemavu asilimia kumi. Kumi! Nilianguka kutoka kwenye lori nikiwa kazini, si harusini. Andendekisye, jirani yangu na askari mwenzangu, alipewa thelathini, na juzi kwenye kipaimara cha mjukuu wake alicheza mpaka akavunja kiti. Nakata rufaa. Nikipata thelathini nitaweka kibarua shamba la Kilolo. Mlima wa kwenda huko unanitoa machozi. Hilo ni kweli kabisa.

Jumanne, 4 Juni
Andendekisye kaniazima fimbo. Anasema bodi ya madaktari haiangalii goti, inaangalia sura. Nimefanya mazoezi ya sura mbele ya kioo. Mke wangu Faustina kauliza nimekula nini.

Ijumaa, 7 Juni
Bodi ni Jumatatu. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, nimeenda kanisani kuabudu. Nimepiga magoti ibada nzima, sakafuni, bila mto, nikimwomba Mungu bodi iamini kwamba goti langu halikunjiki. Mama mmoja mwenye miwani, mgeni parokiani, alinitazama sana. Watu wa imani tunatambuana.

Jumatatu, 10 Juni
Niliingia nikichechemea vizuri mno. Mwenyekiti wa bodi: mama wa miwani! Akauliza kwa upole kama goti linauma nikipanda mlima. Nikamjibu sipandi milima, daktari, goti halikunjiki. Akasema ibada yangu ya Ijumaa ilimgusa. Yeye mwenyewe sakafu ile ilimshinda, akakaa kwenye benchi. Nikasema ule ulikuwa muujiza. Akauliza kama muujiza bado unaendelea. Nikaambiwa nichuchumae. Nikachuchumaa.

Jumatano, 26 Juni
Asilimia tano.
Andendekisye kaja kunipa pole, akaondoka na fimbo yake. Nimetoka Kilolo kuvuna mahindi. Goti limevimba, na sasa hakuna atakayeniamini. Nimeumia sana.

Alhamisi, 27 Juni
Nimegundua kosa. Nilichagua kiungo kinachoonekana! Sikio nani atalikunja? Na mizinga ililia karibu yangu miaka mingi. Nimewatangazia wote nyumbani: kuanzia leo mimi ni kiziwi. Faustina kamnong'oneza dada yake jikoni kwamba ameolewa na mjinga. Nimemjibu palepale, nikiwa uani.