Mpunga Wenye Mabawa

Jumatatu, 6 Juni 1994
Mjomba Andongwisye ametoa hukumu. Ikifika Jumamosi sijapata kazi ya rangi hapa Bondeni, narudi kwake Bujonde kupasua kokoa. Mimi! Msanii!

Mungu si Athumani. Mwalimu Eliya kaniazima kitabu cha Wahispania wa zamani, aliachiwa na padri mmoja. Wachoraji wa ndoto. Katika picha moja ngazi imesimama uwanjani peke yake, haiegemei kitu, na bado unataka kuipanda. Nimesahau hata kula.

Jumanne, 7 Juni
Eliya kanisomea mashairi yao kwa Kiswahili. Maneno yasiyojuana kabisa yamelazwa kitanda kimoja, na yanaelewana. Nawapenda watu hawa. Tamthilia zao nazo, watazamaji walizomea, wengine wakatoka kwa hasira, na watunzi wakafurahi kwamba wamewaamsha. Hilo nimeliandika kwa wino mwekundu.

Shabani anatafuta wa kumchorea ukuta wa mashine yake mpya ya kukoboa mpunga. Hasimu wangu Ambilikile kajitokeza na gunia. Miaka kumi anachora gunia lile lile. Nikamwahidi Shabani picha itakayosimamisha watu barabarani. Kanipa mimi. Kaniomba tu nisimharibie, msimu ni mmoja.

Alhamisi, 9 Juni
Nimemaliza. Debe la kupimia, halina kitako. Mchele unachuruzika humo, unaota mabawa, unapaa kuelekea ziwani. Jicho moja linautazama. Nimelia kidogo, sioni haya kusema.

Ijumaa, 10 Juni
Watu wamesimama barabarani, kama nilivyoahidi. Kina mama wa Ipyana walitua mizigo yao wakatazama. Bibi mmoja alikaa mbele ya picha muda mrefu, akasema aliota hivyo hivyo mwaka ule mto ulipobeba shamba lake. Akanishika mkono, akanishukuru kwa lugha ya nyumbani: "Ndaga fijo, mwanangu." Sitausahau mkono ule.

Kisha akajitwisha mpunga wake akaupeleka mashine ya mtaa wa pili. Wote wakamfuata. Wanasema siku zote walijua mchele wao huruka mashineni, ila hii ni mara ya kwanza mwenye mashine kukiri ukutani.

Kufikia adhuhuri walikuwa wanazomea. Nikakumbuka wino mwekundu, nikawapungia mkono kwa furaha. Shabani hakufurahi. Kamwita Ambilikile na ndoo ya chokaa.

Jumapili, 12 Juni
Bujonde. Vidole vinanata ute wa kokoa. Nimetafakari kwa makini na kosa langu nimeliona: ukuta ulikuwa mdogo.

Kesho mnunuzi anakuja kukagua mzigo. Mjomba kanituma niandike herufi A, ya daraja la kwanza, kwenye kila gunia. A peke yake, karudia mara tatu, kisha kaenda kanisani. Magunia ni arobaini. La kwanza limeshaota mabawa, na rangi imekauka vizuri sana.